Usipake Mafuta Juu ya Chumvi

Jumamosi iliyopita mzee mmoja jirani yangu, ambaye shamba lake la minazi limepakana na langu hapa Pangani, alimtuma mjukuu wake aniite. Nilimkuta amekaa barazani, bunduki yake ya marisau ya mitutu miwili iko magotini, imekunjwa, chemba zote mbili tupu. Hakunisalimia kwa kirefu kama ilivyo kawaida yake. Aliinyanyua, akaielekeza kwenye mwanga, akaniambia nichungulie kutokea upande wa chemba. Mtutu wa kushoto ulikuwa na ukungu wa kahawia. Wa kulia ulikuwa umeliwa vishimo vidogo vidogo kuanzia katikati hadi karibu na mdomo. "Mwanangu," akasema, "hii nimeipulizia dawa kila Ijumaa tangu masika yaanze. Imekuwaje?"

Dawa yenyewe ilikuwa kopo la kupuliza aliloliuziwa mjini, na muuzaji alimhakikishia kwamba kopo hilo linasafisha, linalainisha na linakinga kutu, kwa hiyo hana haja ya kuhangaika na kitu kingine chochote. Mzee aliamini, akafuata maelekezo kwa uaminifu, na leo anayo bunduki ambayo hawezi kuipiga tena mpaka fundi mwenye kibali aikague. Ninaandika haya nikiwa na hasira, na hasira yangu haimhusu mzee. Mtu aliyefuata taratibu zote za kupata leseni, anayeihitaji bunduki kwa sababu nguruwe pori wanaweza kumaliza robo eka ya mihogo usiku mmoja, anastahili kuambiwa ukweli kuhusu mafuta anayonunua.

Ukweli ni kwamba kusafisha, kulainisha na kukinga ni kazi tatu zinazovutana. Kisafishio kizuri ni chepesi, kinapenya, kinayeyusha uchafu na kupaa. Kilainishi kizuri hubaki kati ya vyuma viwili vinavyosuguana hata pale vinapobanana kwa nguvu. Kinga nzuri hukaa juu ya chuma kwa wiki na miezi bila kukauka wala kukimbia. Sifa inayokifanya kisafishio kifanye kazi yake ndiyo inayokifanya kishindwe kukaa. Tazama WD-40, ambayo watu wengi wanayo nyumbani. Haikuwa ndiyo dawa ya mzee, lakini inaeleweka kwa wepesi kama mfano. Ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 ili kuukinga mwili wa kombora la Atlas usipate kutu, na jina lake linatokana na kufukuza maji (kwa Kiingereza "Water Displacement"), fomula iliyofaulu ikiwa ya 40. Bunduki ikinyeshewa shambani, kitu cha namna hiyo kitakusaidia kuondoa maji kwenye pembe zisizofikika kwa kitambaa. Hata hivyo sehemu kubwa ya kimiminika hicho hupaa, na utando unaobaki ni mwembamba sana. Mtu anayeutegemea utando huo umlindie bunduki msimu mzima wa kusi amekabidhi mlango kwa mlinzi ambaye zamu yake imekwisha.

Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa jingine, na hapa ndipo ninapotaka kukaa. Mzee alikuwa akipuliza mafuta juu ya uchafu. Kila Ijumaa aliongeza tabaka jingine juu ya masizi, juu ya plastiki iliyoyeyuka kutoka kwenye vizibo vya risasi, na juu ya chumvi.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na gobole lenye leseni, na nilipokuwa mtoto nilidhani analitesa. Alikuwa akirudi kutoka kuamia ndege na kufukuza ngedere, anamwambia bibi abandike maji. Maji yakichemka, alitia sabuni ya mche iliyokunwa, akayamimina ndani ya mtutu, akachukua mdeki wenye kitambaa akaupitisha juu na chini hadi maji yanayotoka yawe meupe. Kisha aliyarudia maji matupu ya moto, safari hii bila sabuni, akaliacha chuma likauke kwa joto lake lenyewe. Ndipo, mwisho kabisa, alipaka mafuta. Mimi niliyekuwa nimefundishwa kwamba maji ndiyo yanayoleta kutu sikumwelewa hata kidogo.

Babu alikuwa sahihi, na sababu yake inaelezeka. Baruti nyeusi hutengenezwa kwa shura (nitrati ya potasiamu), makaa na salfa. Ikishaungua huacha masizi yenye chumvi za potasiamu, na chumvi hizo huvuta unyevu kutoka hewani usiku na mchana. Fataki za zamani, yaani vile vidonge vidogo vinavyogongwa ili kuwasha baruti, nazo zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikilipuka hubaki kloridi ya potasiamu, nduguye wa karibu wa chumvi tunayotia kwenye mchuzi. Chumvi huyeyuka katika maji. Haiyeyuki katika mafuta. Unaweza kuumwagia mtutu kibaba kizima cha mafuta ya bei ghali kuliko yote duniani, na chembe ya chumvi itabaki pale ilipo, imefunikwa, ikiendelea kunywa unyevu na kukitafuna chuma kilicho chini yake. Jeshi la Uingereza lililijua jambo hili, ndiyo maana lilifundisha askari waliobeba bunduki za .303 kumimina maji yanayochemka ndani ya mtutu kwa faneli baada ya kupiga risasi, kabla ya kukausha na kupaka mafuta. Bunduki za aina hiyo zilibebwa na askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, katika nchi hizi hizi, kwa hiyo maarifa haya si mageni kwetu. Yalikuwapo, na tumeyaacha yapotee kwa sababu ya kopo lenye picha nzuri.

Najua nitajibiwa kwamba risasi za sasa si za babu. Ni kweli, na sitabisha. Fataki zisizoacha chumvi hiyo zilianza kuenea tangu miaka ya 1920, na risasi za marisau zinazouzwa madukani leo hazina haja ya maji ya moto kila zinapopigwa. Lakini anayesema hivyo na kuishia hapo hajawahi kuishi mita mia nne kutoka ufukweni. Kusi inapovuma, madirisha yetu hupata utando unaonata ambao ukiulamba una ladha ya bahari. Misumari ya paa hudondoka kabla ya bati lenyewe kuchakaa. Jasho la kiganja lina chumvi, na mwenye shaka aishike bunduki iliyosafishwa, asiifute, kisha aitazame baada ya siku tatu. Ataona alama za vidole vyake mwenyewe zimechorwa kwa kutu. Huku pwani hata kama risasi haileti chumvi, hewa inaileta. Kwa hiyo utaratibu wa babu unabaki na maana yake: ondoa kwanza kinachovuta unyevu, kausha, kisha paka.

Nifanyavyo mimi ni hivi. Nikishahakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, na risasi zote ziko chumba kingine, natoa mitutu. Natumia kisafishio chepesi na burashi ya shaba, kuanzia chemba kwenda mdomoni, halafu vitambaa hadi kimoja kitoke kikiwa safi. Dirisha liko wazi na hakuna moto karibu, kwa kuwa visafishio vingi hushika moto, na baadaye nanawa mikono vizuri kwa sababu masizi yanayobaki mtutuni yana madini ya risasi ("lead") yenye sumu. Hoppe's No. 9, ambayo imekuwa ikiuzwa tangu mwaka 1903, ni nzuri kwa hatua hii ukiipata. Usipoipata, mafuta ya taa yanasafisha masizi vizuri kuliko ninavyopenda kukiri, mradi uyafute yote, maana hayaachi kinga ya kutegemewa. Ballistol ya Wajerumani, iliyobuniwa mwanzoni mwa karne ya 20, ina sifa moja inayoifaa pwani yetu: huchanganyika na maji na kuwa nyeupe kama maziwa, hivyo maji yanaondoa chumvi, na yakishakauka mafuta hubaki juu ya chuma.

Baada ya hapo ndipo vilainishi vinapoingia, na hapa sina maneno mengi. Mafuta ya cherehani yanatosha kwa sehemu ndogo zinazosogea, tone moja moja. Pini ya bawaba, pale bunduki inapokunjikia, inataka grisi, kwa sababu mzigo wa pale ni mkubwa na mafuta mepesi yanasukumwa nje. Kwa nje na ndani ya mtutu, kitambaa kilicholowa kidogo mafuta mazito zaidi ya kuzuia kutu, kikipitishwa mara moja, kinatosha. Siku ya kuitumia bunduki, kitambaa kikavu kinapitishwa tena mtutuni kabla ya risasi kuingia, na ninachungulia kuhakikisha hakuna tambara lililosahaulika, kwa kuwa kizuizi ndani ya mtutu huweza kuupasua.

Oili chafu ya gari, ile inayomwagwa gereji, isikaribie bunduki: ina tindikali, masizi na vumbi la chuma cha injini. Mafuta ya alizeti yanaganda na kuwa kama gundi.

Mafuta ya nazi yanahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa hapa kwetu ndiyo yaliyo karibu na mkono na wazee wengi wameyatumia. Hayagandi kama gundi upesi, na kwa Pangani, ambako mchana hakuna baridi ya kuyagandisha, yanaonekana kufanya kazi. Shemeji yangu, ambaye ana bunduki yake yenye leseni huko Lushoto, aliyatumia zamani kwa kuniiga mimi, kabla sijajifunza. Mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzi joto zipatazo 24, na Lushoto iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi moja ya Julai alivuta kifyatulio mbele ya kundi la nyani na pini inayogonga fataki ikaenda taratibu kama inayosukuma uji. Tulipoifungua tulikuta mafuta yamekuwa meupe, magumu, yameijaza nafasi nzima ya springi. Mafuta hayo yanapochacha pia huwa na asidi ndani yake. Yabaki kwa nywele na kwa wali.

Kupaka mafuta mengi si kupaka vizuri. Kitako cha bunduki ya mzee kimekuwa cheusi pale mbao inapokutana na chuma, na ukikibonyeza kwa ukucha kinabonyea, kwa sababu mafuta ya kupuliza yalikuwa yakiteremka kila ilipowekwa wima na mbao ikayanywa. Mafuta yanayopenya hivyo huweza pia kuingia kwenye fataki ya risasi na kuiua. Mbao ya kitako ikishaoza kwa mafuta, dawa yake ni fundi seremala na fedha.

Nikubali jambo moja kwa shingo upande. Yako mafuta ya kazi tatu kwa pamoja ambayo yanafanya kazi. Jeshi la Marekani limeyatumia kwa miongo mingi kwa jina la CLP, herufi za Kiingereza za kisafishio, kilainishi na kinga. Lakini askari wa jeshi hilo ana amri ya kusugua bunduki yake kila mara, na anakaguliwa. Mafuta hayo yanasaidia mkono wake. Hayachukui nafasi yake. Jeshi hilo hilo lililipia funzo hili kwa damu. Bunduki ya M16 ilipopelekwa Vietnam katikati ya miaka ya 1960, ilisambaa imani kwamba ni silaha isiyohitaji kusafishwa sana, na askari wengi walipewa bila vifaa vya kutosha vya kusafishia. Baruti ilikuwa imebadilishwa na mpya iliacha uchafu zaidi, chemba hazikuwa zimepakwa kromiamu, na unyevu wa nchi ile ulikuwa kama wa kwetu. Maganda yalinasa ndani ya chemba katikati ya mapigano, na vijana walikufa wakiwa na bunduki zisizolia. Mwaka 1967 kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ilichunguza suala hilo, na kati ya marekebisho yaliyofuata yalikuwamo vifaa vya usafi, mafunzo ya usafi, na chemba zenye kromiamu. Kila ninaposikia muuzaji akisema kwamba kitu fulani kinaondoa haja ya kusafisha, hao vijana ndio wanaonijia akilini.

Jumapili tulikaa na mzee kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri. Mtutu wa kushoto umetakata. Ukungu ule ulikuwa wa juu tu. Wa kulia umesafishika lakini vishimo vimebaki, na nimemsihi asiupige mpaka fundi apime unene wa chuma kilichobaki. Ule mfuko wa ngozi, ambao ulikuwa ukishika unyevu kama sifongo, hautahifadhi tena bunduki. Itakaa kwenye kabati la chuma lililofungwa, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Aliniomba nimwandikie hatua zote kwa mpangilio, maji yakitajwa kabla ya mafuta, na karatasi hiyo ameibandika ndani ya mlango wa kabati. Kopo lake bado lilikuwa na nusu. Tulilimalizia kwenye kufuli na bawaba za geti la shamba.