Dhahabu ya Kilwa iliyoko Lisbon: irudi au ibaki?

Mgeni wa Lisbon hukimbilia mtaa wa Belém. Huko ndiko iliko monasteri ya Jerónimos, alikozikwa Vasco da Gama, na hatua chache tu kuna duka linalouza vikeki vya kastadi tangu 1837. Huliwa vya moto, juu umenyunyiziwa mdalasini. Mdalasini wenyewe uko nyumbani pale: monasteri ilianza kujengwa 1501 kwa ushuru wa viungo na mali nyingine za Afrika na Mashariki.

Lakini kinachotuhusu zaidi sisi wa pwani hakiko Belém. Kiko Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale: monstransi ya dhahabu, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, kimo chake zaidi ya sentimita 70. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti, juu yao yuko njiwa mweupe. Kwenye kitako pameandikwa kwa Kireno kwamba Mfalme Manuel wa Ureno aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikakamilika 1506.

Kodi! Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na mizinga yake, akamtishia mtawala wake, Amiri Ibrahim, hadi akalipa. Katika migahawa ya Lisbon mhudumu hukuwekea mkate na zeituni ambazo hukuagiza, usipozigusa, huzilipii. Ibrahim hakugusa kitu.

Kwa hiyo anayetaka chombo kirudi hana haja ya kutafuta ushahidi. Aliyechukua kaandika risiti mwenyewe, tena kwa herufi za kupendeza.

Mimi hukwama kwenye swali moja: kirudi kwa nani? Dhahabu ile haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka nyanda za Zimbabwe ikapitia bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, na masultani wa Kilwa walitoza ushuru wao kabla Mreno hajaja kutoza wake. Tena chombo ni cha Misa, kazi ya sonara Gil Vicente, nayo Kilwa ni mji wa misikiti. Hoja kwamba Wareno wametutunzia vizuri, hiyo siitilii maanani. Hata Kilwa Kisiwani, urithi wa dunia tangu 1981, msikiti mkuu bado umesimama.

Msimamo wangu ni wa katikati, na najua utawaudhi wengi: umiliki ubaki Lisbon, ila chombo kiazimwe, kije Dar es Salaam hata kwa miezi sita, na yale maandishi ya kitakoni yabandikwe kando yake kwa Kiswahili.