Mwalimu Ameona Kwamba Nimeona

Mimi nilikuwa mzazi mzuri sana kabla simu hazijaingilia kati. Mtoto anakwenda shule, anarudi, namuuliza, "Umesoma?" Ananijibu, "Ndiyo, baba." Tunaachana kwa amani. Mwisho wa muhula ripoti inakuja ndani ya bahasha, na tarishi ni mtoto mwenyewe. Bahasha ikipotea njiani, imepotea. Nani ataulizwa?

Siku hizi hakuna bahasha. Shule imetuingiza kwenye kundi la WhatsApp, na juu yake ikatuletea programu ya kuonyesha mahudhurio, alama na kazi za nyumbani. Siku ya kuizindua, mwalimu mkuu alitusimulia kwamba huko West Virginia, Marekani, wazazi waliwahi kutumiwa ujumbe wa simu kila mtoto alipotoroka kipindi au alipoacha kazi, na masomo waliyofeli watoto yakapungua kwa zaidi ya robo. Wazazi wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, tena kwa nguvu. Sikujua ninaushangilia mzigo wangu mwenyewe.

Kujisajili kukanishinda. Neno la siri linataka herufi kubwa, tarakimu, na alama ambayo kwenye simu yangu sijui imejificha wapi. Nikampa mwanangu anisaidie. Naomba uielewe vizuri hali hiyo: mshtakiwa ndiye aliyekabidhiwa funguo za mahakama. Miezi miwili sikupata arifa hata moja, nikawa natamba kwa wenzangu kwamba wangu hana shida. Kumbe arifa zilikuwa zinakwenda kwenye laini yangu ya zamani, ile iliyozikwa pamoja na simu yake.

Basi nikabaki na kundi. Mwalimu anaandika, "Kesho watoto waje na rula." Sentensi moja. Hapo ndipo mvua inapoanza. "Asante mwalimu." "Asante sana mwalimu." Mikono ya kuomba. Mikono ya kupiga makofi. Mwingine anatuma stika ya paka analia, sijui kamlilia nani. Mama mmoja anauliza, "Kesho waje na nini?" Baba mmoja, huyu namjua kwa sauti tu, anatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne. Dakika ya kwanza anakohoa, ya pili anasalimia, na mwisho kabisa anauliza kama rula ni ya sentimita 15 au 30. Ujumbe wa simu wa kwanza duniani, tarehe 3 Desemba 1992, ulikuwa wa kutakia Krismasi njema, basi, hakuna aliyeujibu kwa stika. Halafu tukaishi miaka mingi na ujumbe wa herufi 160. Ukizidisha, unalipia wa pili. Ukali ule ulikuwa unatulea.

Kinachonimaliza hasa ni tiki za buluu. Zilikuja mwaka 2014, na tangu hapo mtu huwezi kujifanya hujaona. Saa tano usiku nafungua simu nikitafuta usingizi, nakuta: "Wazazi, kesho asubuhi kila mtoto alete mfano wa mfumo wa jua." Sayari nane! Saa tano usiku! Mtoto analala fofofo, na roho yake nyeupe. Nikajisemea, nitasema sikuona. Nikaingia kwenye mipangilio nikazima tiki, nikajiona mjanja kuliko sungura. Asubuhi mwalimu akaniambia langoni, kwa upole unaouma, "Nimeona umeusoma." Nikaja kujua kwamba tiki ukizizima zinazimika kwa mazungumzo ya watu wawili. Kwenye kundi hazizimiki. Mwenye kuandika akitaka, anafungua orodha ya waliosoma, mmoja mmoja, na saa aliyosoma. Saa tano na dakika sita. Jua lenyewe halijui kuchoma vile.

Jioni hiyo nikamrekodia mama watoto malalamiko yangu. Nilisema yote. Nilisema mwalimu huyu hana familia, nilisema sayari zingine mwanangu hatazitembelea kamwe, nilisema kama wanataka nisome mimi wanipe na sare. Nikaachia kidole. Ukaingia kundini.

Sasa mtu mwenye akili hubonyeza "futia wote". Mimi nilikuwa natetemeka, nikabonyeza "nifutie mimi". Kwa hiyo katika kundi zima mtu pekee aliyeshindwa kuusikia ujumbe ule ni mimi niliyeutunga. Wanasema ukikosea hivyo unapewa sekunde chache za kutengua. Zote nilizitumia kushangaa.

Mwalimu hakunijibu kundini. Alipiga simu. Nikapokea nimesimama, kama niko mstarini asubuhi. Hakugusia sauti yangu hata kidogo, jambo lililonitisha zaidi. Alisema amesoma kwamba mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, kule Botswana kuna familia zilizokuwa zikitumiwa hesabu kwa ujumbe mfupi tu, na nyingine zikitumiwa ujumbe na kupigiwa simu kama dakika 20 kila wiki. Waliopigiwa ndio watoto wao walioonekana kupanda. "Kwa hiyo, baba," akasema, "wewe nitakupigia."

Nikamwambia mwalimu, mbona ujumbe tu unatosha. Akasema, "Weka spika. Muite mtoto."

"75 gawa kwa 4," akamwambia. "Ngapi, na inabaki ngapi?"

Kimya. Mtoto anaangalia dari. Mtoto huyu huyu ambaye programu inasema hajakosa siku hata moja! Akanigeukia kwa macho ya kuomba msaada, na mimi nikaigeukia dari ile ile.

"Baba, tafadhali usimwambie jibu," mwalimu akasema.

"Mwalimu, wala sikuwa na mpango huo."

Tuligawa vijiti vya kibiriti juu ya meza, sisi wawili, mwalimu akisubiri hewani. Kumi na nane, vikabaki vitatu. Mtoto alifurahi sana. Mimi nilikuwa nimelowa jasho.

Tangu hapo ni kila Alhamisi, saa moja jioni. Wiki iliyopita nikaona yatosha, mtu anahitaji kupumzika. Saa moja kasoro dakika kumi nikazima simu, nikanyoosha miguu.

Saa moja kamili ikalia simu ya mama watoto. Mwanangu akaipokea, akaweka spika mwenyewe bila kuambiwa, akaniletea hadi kwenye kiti.

"Baba, ni mwalimu. Anasema ameona umezima."