Namba mbili haina bei moja

Siku ya kutangazwa matokeo ya mwisho wa mwaka katika shule za Lubumbashi, Kongo, majina husomwa kwa kufuata nafasi, kuanzia aliyeongoza, na kila mtoto anayesimama kuitika anajua swali linalomngoja langoni. Siku moja ya namna hiyo nilikuwa katika uwanja wa shule moja ya Katuba, msichana mmoja alipotoka na karatasi yake imekunjwa mara nne, na mama yake, kabla hajaipokea, akamuuliza: "Uko wa ngapi?" Akajibu kwamba yuko wa pili. Alikuwa na asilimia 81, kama tulivyoona karatasi ilipokunjuliwa, lakini kabla haijakunjuliwa lilitangulia swali jingine: "Na ule wa kwanza ni nani?"

Wakati ule nilisikia lawama katika swali hilo. Baadaye nimeliona kuwa ni swali la haki, kwa sababu linagusa jambo ambalo wanaobishana juu ya nafasi ya pili hulipita: namba mbili haisomeki peke yake. Anayeitwa wa pili amekwisha kutajwa pamoja na mwingine, na thamani ya nafasi yake inategemea tunamtazama kutoka upande upi, wa yule aliyemtangulia au wa wale aliowaacha nyuma. Kiswahili chenyewe kimesimama pande zote mbili. Aliyepoteza fainali tunasema ameshindwa, na herufi moja tu ndiyo inayotenga kushinda na kushindwa. Lakini huyo huyo, anapopanda kupokea medali yake, mtangazaji humwita "mshindi wa pili", na hakuna msikilizaji anayeona kwamba mtangazaji amejipinga.

Mtu wa Lubumbashi hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 18 Desemba 2010, huko Abu Dhabi, klabu yetu ya TP Mazembe ilifungwa mabao 3-0 na Inter Milan katika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Pandev alifunga dakika ya 13, Eto'o dakika ya 17, na Biabiany akapigilia la tatu dakika ya 85. Kwa hesabu kavu hicho ni kipigo, tena kipigo kilichoamuliwa kabla watu hawajakaa vizuri kwenye viti. Hata hivyo siku nne kabla, timu hiyo ilikuwa imeitoa Internacional ya Brazili kwa mabao 2-0, ya Kabangu na Kaluyituka, baada ya kuitoa Pachuca ya Meksiko kwa 1-0, na hivyo ikawa timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kufika fainali ya mashindano hayo. Kipa Robert Kidiaba alishangilia kwa namna yake, ameketi chini, miguu imenyooka mbele, akirukaruka kwa makalio, na kwa muda mrefu hapakuwa na kiwanja cha vumbi, katika mitaa yetu ya Kenya wala Kamalondo, ambako watoto hawakuchakaza kaptula zao kwa kumwiga. Hakuna aliyeliiga bao la Pandev. Mtaani kwangu, ukiuliza ni nani aliyetwaa kombe lile, wapo wanaofikiri kwanza. Ukiuliza ni nani aliyekuwa wa pili, utajibiwa kabla hujamaliza swali.

Sasa turudi nyuma. Klabu hiyo hiyo, wakati ikiitwa Englebert, ilicheza fainali nne mfululizo za klabu bingwa ya Afrika, kuanzia 1967 hadi 1970. Mbili za kwanza ilitwaa kombe. Ya 1969 iliipoteza mbele ya Ismaily ya Misri, na ya 1970 mbele ya Asante Kotoko ya Ghana, timu ambayo mwaka 1967 ilitoka nayo sare mara mbili na kisha haikutokea katika mechi ya kuamua. Kuwa wa pili wa bara zima mara mbili mfululizo ni jambo ambalo klabu nyingi za Afrika zingelichora ukutani. Hapa kwetu halichorwi popote. Mashabiki wanapohesabu makombe hayo kwa vidole hutaja 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, kisha mkono unafungwa. Fainali ya Kombe la Shirikisho ya 2013, iliyokwenda kwa CS Sfaxien ya Tunisia kwa tofauti ya bao moja katika mechi mbili, nayo haipati kidole.

Namba ni ileile, klabu ni ileile, na mji ni uleule. Nafasi ya pili moja inasimuliwa kwa watoto, nyingine tatu zimefukiwa. Tofauti haiko katika ubora wa wachezaji, wala katika ukubwa wa kipigo, kwa maana kile cha 2010 ndicho kikubwa kuliko vyote. Iko mahali tulipoanzia kupima. Mwaka 1969 tulikuwa tumeshika kombe mkononi, na kuwa wa pili kulikuwa ni kunyang'anywa. Mwaka 2010 hakuna aliyetupangia kiti katika fainali, na kuwa wa pili kulikuwa ni kukipata.

Wapo wanaosema kwamba maelezo ya namna hii ni faraja tu, na hoja yao haistahili kupuuzwa. Mashindano, wanasema, yamewekwa ili kumpata mmoja, kama vile fahali wawili wasivyokaa zizi moja, na anayeanza kumsifu wa pili amekwisha kulegeza kamba inayowavuta wote. Katika mambo fulani maisha yenyewe yanawaunga mkono. Tarehe 14 Februari 1876, Alexander Graham Bell na Elisha Gray walifikisha makaratasi yao ya simu katika ofisi ya hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, mjini Washington siku moja. Mwezi uliofuata hataza ikatolewa kwa Bell, na kilichomfuata Gray ni ubishi usiokwisha juu ya nani alitangulia mlangoni. Hapo hapakuwa na jukwaa la ngazi tatu. Aliyekuwa wa pili hakupata robo ya simu.

Lakini mfano huo, kwa maoni yangu, unaonyesha udhaifu wa hoja pamoja na nguvu yake. Kilichomnyima Gray ni kanuni, na kanuni hutungwa na watu. Kule Abu Dhabi bingwa alipewa dola milioni 5 na wa pili dola milioni 4, mgawanyo unaosema wazi kwamba waandaaji wenyewe hawakuona pengo la mbingu na ardhi kati ya wawili hao. Katika nchi ambazo vilabu vyake vimefanya vizuri barani, Kongo ikiwamo, anayemaliza ligi katika nafasi ya pili naye huingia Ligi ya Mabingwa ya Afrika, kwa hiyo wiki za mwisho za msimu, hata bingwa akiwa amekwisha kujulikana, Mazembe na Saint-Éloi Lupopo hazichezi kwa ajili ya heshima peke yake. Ukitaka kujua nafasi ya pili ina maana gani katika shindano lolote, soma kwanza ukurasa wa zawadi na wa kufuzu, kabla ya kusikiliza hotuba.

Mfano wa karibu zaidi ni wa timu ya taifa. Tarehe 9 Septemba 2025, mjini Kinshasa, Léopards walikuwa wanaiongoza Senegali 2-0 katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia la 2026, wakafungwa 3-2. Usiku ule nilipita kwenye baa mbili nikakuta runinga imezimwa na watu bado wamekaa. Kundi likaisha Kongo ikiwa na pointi 22, mbili nyuma ya Senegali. Kwa mashindano ya zamani, ambamo wa kwanza peke yake ndiye aliyepita, habari ingeishia hapo. Safari hii wa pili wanne waliokuwa bora kati ya makundi tisa walipewa mlango wa nyuma, na mwezi Novemba, huko Rabat, Kongo ikaitoa Kameruni kwa bao la Chancel Mbemba la dakika za nyongeza, kisha ikaitoa Nigeria kwa penalti, ikaingia katika mchujo wa mabara. Watu walewale waliokaa mbele ya runinga iliyozimwa ndio walioimba barabarani. Wapo watakaosema kwamba mlango wa nyuma ni mlango wa nyuma. Ni kweli, na bado watano waliomaliza wa pili katika makundi mengine hawakuupata hata huo, jambo linaloonyesha kwamba hata kati ya wa pili na wa pili kuna umbali.

Ninaposikia kwamba wa pili hakumbukwi, humfikiria Paul Tergat wa Kenya. Katika mbio za mita 10,000 alikuwa wa pili nyuma ya Haile Gebrselassie kwenye Olimpiki ya 1996, akawa wa pili nyuma yake kwenye mashindano ya dunia ya 1997 na ya 1999, na kwenye Olimpiki ya Sydney ya 2000 akawa wa pili tena, kwa tofauti ya sehemu 9 za mia za sekunde baada ya kukimbia zaidi ya dakika 27. Hakuna aliyemsahau, kwa kuwa haiwezekani kuzieleza mbio zile bila kumtaja. Baadaye alihamia marathoni, na mwaka 2003 akaweka rekodi ya dunia mjini Berlin, saa 2, dakika 4 na sekunde 55. Hapo watetezi wa nafasi ya pili, nami nikiwamo, hupenda kufunga kitabu. Tungekifunga mapema mno, maana nyuma ya Tergat siku ile, kwa sekunde moja, alifika Sammy Korir, aliyeanza mbio zile kama mtu wa kuongoza mwendo wa wengine. Alikimbia marathoni ambayo, ukimwondoa Tergat, hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuikimbia kwa kasi ile, na jina lake halifahamiki hata kwa wengi wanaofuatilia riadha. Sina jibu la kuridhisha kwa Korir. Tergat aliokolewa na kurudi tena na tena. Korir alikuwa na sekunde moja peke yake.

Wanasaikolojia nao wameligusa jambo hili. Mwaka 1995 watafiti watatu wa Marekani, Medvec, Madey na Gilovich, walionyesha watu picha za video za wanamichezo wa Olimpiki ya Barcelona ya 1992 na kuwaomba wakadirie furaha yao kwa kipimo cha 1 hadi 10. Mara tu matokeo yalipojulikana, waliopata shaba walipewa wastani wa 7.1 na waliopata fedha 4.8. Maelezo yao ni kwamba wa pili huutazama ubingwa ulioponyoka, na wa tatu huitazama nafasi ya nne aliyoikwepa. Utafiti huo hunukuliwa mno, nami naukubali kwa tahadhari moja: katika michezo ya mtoano, fedha hupatikana kwa kushindwa mechi ya mwisho, na shaba kwa kuishinda. Mwaka 2015 Kongo ilimaliza ya tatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa kuwatoa wenyeji, Guinea ya Ikweta, kwa penalti, na wachezaji wakacheka uwanjani. Ghana, iliyokuwa juu yao, ilitoka fainali ikilia baada ya penalti dhidi ya Côte d'Ivoire. Kilio kile hakipimi thamani ya nafasi, kinapima ukaribu.

Katika mji huu neno shaba halipiti hivi hivi, ndiyo maana nashindwa kuliacha. Jimbo letu lenyewe liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, na bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na kilima cheusi cha mabaki ya madini kando yake, bado ndivyo vinavyoonekana kwanza. Katika Olimpiki ya Athens ya 1896, mshindi alipewa medali ya fedha na tawi la mzeituni, na wa pili ndiye aliyepewa shaba. Wa tatu hakupewa kitu. Dhahabu, fedha na shaba kwa mpangilio tunaoujua zilianza mwaka 1904 huko St. Louis. Maana yake ni kwamba katika muda wa miaka minane shaba iliteremka ngazi moja bila mkimbiaji yeyote kupunguza mwendo.

Ubaya wa kuwaambia watoto kwamba wote ni washindi si kwamba unawalegeza. Ni kwamba unamnyima aliyekosa haki ya kuumia, na maumivu yale ni yake, ameyafanyia kazi. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wahenga walisema, hawakusema asiyefurahia. Na ubaya wa kumwambia wa pili kwamba hana kitu ni kwamba ni uongo unaoweza kukanushwa na karatasi aliyoishika mkononi.

Mama yule wa Katuba aliikunjua karatasi hatimaye, akaisoma kuanzia chini kwenda juu, akasimama kidogo kwenye hisabati, kisha akaikunja kwa mikunjo yake ileile na kuitia katika mkoba. Walipokuwa wanatoka langoni nilimsikia akiuliza kama huyo wa kwanza anakaa mbali. "Ruashi," msichana akasema. Mama akafikiri hatua tatu nne hivi, akauliza nauli ya kwenda huko siku hizi ni franga ngapi.