Meno meupe yasikudanganye

Uvundo wa kinywa cha mbwa umezoeleka mno, hata watu wanaudhania ni maumbile yake. Sivyo. Kinywa kizima hakinuki hivyo. Kikinuka, mara nyingi fizi zimeshaanza kuugua.

Ndiyo maana inanikera huduma ya kukwangua meno mnyama akiwa macho, inayonadiwa kuwa salama kwa vile haina nusukaputi. Kinachokwanguliwa ni ukoga unaoonekana. Maradhi yenyewe yako chini ya ufizi, kwenye upenyo kati yake na jino, ambako uambukizo unadhoofisha taratibu mfupa unaolishikilia jino. Hakuna mbwa atakayetulia chuma chenye ncha kikipita huko, seuze paka. Eksirei ya mizizi nayo haipigwi kwa mnyama anayepapatika. Basi unarudi nyumbani na meno yanayong'aa, umepaka rangi ukuta unaoliwa na mchwa.

Nusukaputi ina hatari zake, sikatai, hasa kwa mnyama mwenye ugonjwa wa moyo au figo. Lakini damu ikipimwa kabla, na mtu akawepo wa kufuatilia pumzi na mapigo ya moyo, hatari hiyo hupungua sana.

Paka ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Kati ya meno yake 30, lolote laweza kuanza kumomonyoka lenyewe, jirani na ufizi au mzizini, kwa maumivu makali, naye akaendelea kula kama kawaida. Ukingoja agome chakula umechelewa. Mwangalie anavyotafuna upande mmoja, au anavyodondosha punje.

Nyumbani, mswaki, tena kila siku. Ukoga laini huanza kuwa jiwe ndani ya siku chache, na ukishakuwa jiwe mswaki hauufanyi kitu. Sugua upande wa shavuni, ndiko unakojaa zaidi. Kupigana na mnyama ili apanue kinywa hakuna haja. Dawa ya meno iwe ya wanyama, maana baadhi ya zetu zina zailitoli, kitia utamu ambacho ni sumu kali kwa mbwa.

Mifupa na pembe mimi sizitaki kabisa. Utaambiwa mbwa mwitu hutafuna mifupa bila kuujua mswaki. Kweli, na meno yao huvunjika pia. Wa nyumbani hupasuka lile gego kubwa la juu. Kabla hujampa kitu cha kutafuna, kibonyeze kwa ukucha: kisipoingia hata kidogo, kirudishe.