Maji Hayakupwa, Pesa Ndiyo Inayokupwa

Mtu aliyezaliwa Tanga hapaswi kulipishwa kwa kutazama bahari. Nalisema mapema ili ijulikane nimesimama upande gani. Sisi bahari tumeikuta, tumeoga, tumevua, tumeitupia mawe, na hajatokea mtu akatuletea risiti. Sasa mama watoto kaona kwenye simu tiketi za ndege za bei poa, London hadi Nice, kusini mwa Ufaransa. Kabonyeza. Mimi nilipoulizwa, jambo lilikuwa limeshapita. Kilichobaki ni kwenda kuomba likizo kazini.

Hoteli yenyewe ina vyumba vya namna mbili. Vipo vya uani, vinavyotazamana na mapipa ya taka, na vipo vya upande wa bahari, ambavyo bei yake unaisoma ukiwa umekaa. "Tusafiri kote huko tukalale uani?" akauliza mama watoto. Haya, tukachukua cha bahari. Nafungua pazia kwa mbwembwe, nakutana na barabara! Bahari ipo, sikatai, lakini iko ng'ambo. Kati ya kitanda changu na maji kuna magari yanayokwenda, mitende, magari yanayorudi, njia ya baiskeli, na halaiki ya watu wanaokimbia wamevaa kaptura. Usiku pikipiki. Alfajiri ndege, maana uwanja wa ndege wameujenga ukingoni mwa maji, mwisho wa barabara hiyo hiyo, na rubani anapita mbele ya roshani yako kama jirani anayetoka sokoni.

Barabara hiyo ndiyo Promenade des Anglais, kilomita saba hivi za kutembea huku unatazamwa. Ilianza miaka ya 1820 kwa pesa za Waingereza waliokuwa wanakimbilia Nice wakati wa baridi; mchungaji wao mmoja, Lewis Way, ndiye aliyesimamia michango. Mimi naishi Reading, mji wa huku Uingereza. Waingereza nawaona kila siku, kwenye basi, kazini, dukani, bila kiingilio. Nimepanda ndege kwenda kulala kwenye barabara yao.

Tukavuka kwenda ufukweni. Nimebeba taulo na kandambili, kichwani nina picha ya mchanga. Mchanga hakuna. Ni mawe, ndugu yangu. Mawe ya kijivu, mviringo, makubwa kiasi cha kujaa kiganjani, toka ukutani hadi majini. Wazungu wamelala juu yake wametulia kabisa, mwingine anakoroma. Mimi kila hatua nilikuwa naruka, mikono hewani, nusura nimkumbatie bibi wa watu aliyekuwa anasoma gazeti. Halafu nikaja kuambiwa kwamba zamani mawe hayo yaliletwa na mito, Var na Paillon, lakini siku hizi mito imebanwa kwa kuta na saruji, haileti ya kutosha. Unajua wanafanyaje? Wanayaleta kwa malori! Serikali nzima ya mji imekaa kikao, ikatenga bajeti, ikaagiza mawe, wakati kwetu mtu akikuta jiwe pwani analitupa pembeni lisimkate mtoto. Dukani wanauza viatu vya mpira vya kuogea. Mtu anakuletea tatizo kwa lori kisha anakuuzia dawa yake kwa jozi.

Lakini hayo nimeyasamehe. Nisichosamehe ni maji yenyewe. Siku ya kwanza nilitazama bahari asubuhi nikasema maji yamejaa, tungoje yapwe tutembee kidogo, tuangalie kama kuna hata kaa. Mchana yako pale pale. Jioni pale pale. Mama watoto akaniambia niache kusimama roshani kama mlinzi. Kumbe bahari ile haitoki! Mediterania imefungwa pande zote, mlango wake wa kuingilia bahari kuu ni ule mlango bahari wa Gibraltar, ambao mahali pake pembamba kabisa ni kama kilomita 14, basi mwezi unavuta weee, maji yanapanda shubiri moja, yanashuka shubiri moja, yamemaliza. Mtu niliyekulia kwenye bamvua, maji yanapanda mita tatu na ushee, kisha yanaondoka kabisa yakakuachia uwanja wa kupigia mpira, mashua zimelala ubavu, akina mama wameinama wanaokota chaza, utaniambia nini kuhusu bahari isiyojua saa? Na ukiingia, hatua chache tu mguu umekosa chini. Hakuna kina cha mtoto. Ama uko kavu, ama unaogelea.

Nikaona vitanda vya kujinyoosha, vyenye miavuli. Nikakaa. Kijana mmoja mwenye fulana nyeupe akatokea, ana tabasamu na mashine ya kadi. Ufukwe kumbe umegawanywa. Pale bure, hapa pa watu binafsi, na kitanda hapa ni zaidi ya euro 20 kwa siku. Mstari wa mbele bei zaidi. Nilimuuliza tofauti ya mstari wa mbele na wa pili ni nini, akanionyesha bahari kwa kidole. Nikamwonyesha kwamba naiona vizuri tu nikiwa nimesimama, na kusimama ni bure. Hakucheka.

Siwezi kusema hakuna jema. Kando ya barabara wameweka viti vya buluu, vinatazama maji, na havilipiwi. Hapo ndipo nilipohamia. Na wazee wa mji wanaokaa pale wana adabu: huwezi kumwuliza mtu hata njia kabla hujamwambia "Bonjour". Ukisahau, anakutazama mpaka ukumbuke. Hilo nimelipenda. Reading nilishazoea kuonana na jirani tukaangalia viatu.

Chakula sasa. Tumeamka tumechelewa, tumezunguka mji wa kale, njaa imetukuta saa tisa alasiri. Mgahawa wa kwanza, jiko limefungwa. Wa pili, limefungwa. Watu wamejaa mezani, vikombe mbele yao, ila mpishi hayupo mpaka saa moja usiku. Mji mzima umekubaliana tumbo likae likizo. Kilichotuokoa ni socca, unga wa dengu na mafuta ya zeituni, unaochomwa kwenye sinia pana la shaba ndani ya tanuri la kuni, wanakubandulia vipande na kukunyunyizia pilipili manga. Mtu wa pwani ukimpa unga wa dengu anatulia. Nilikula ya pili, ya tatu, nikaanza kumwelekeza mwenye duka aongeze kitunguu na bizari, mama watoto akanivuta shati.

Maji ya chooni sitaki hata kuyaanza. Karatasi tu, tena nyembamba. Friji ya chumbani ilikuwa na chupa za maji zenye bei yake, na mimi Mwislamu nifanyeje? Nimejitawaza kwa maji ya milima ya Alps. Kwenye hesabu ya mwisho yameandikwa "vinywaji".

Nikiwa bafuni, ndevu zimejaa povu, nikasikia PUUU! Vioo vimetikisika. Nimetoka mpaka kwenye ukumbi na taulo moja, nalishikilia kwa mkono huu, wembe mkono ule. Dada wa usafi alikuwa pale na kitoroli chake cha mashuka. Akaangalia saa yake, akasema kwa upole, "Midi, monsieur." Saa sita mchana imefika, basi! Kila siku wanalipua kutoka kilima cha Château. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1860 kulikuwa na Mskoti, Sir Thomas Coventry, ambaye mkewe alikuwa akitoka kutembea anakolea kwenye mazungumzo na mashoga zake, chakula cha mchana kinachelewa. Bwana akaona dawa ni mzinga. Mskoti kafa, mzinga umebaki, ingawa siku hizi ni fataki. Mimi mzinga niliousikia utotoni ulikuwa wa futari, una sababu. Nilimsimulia mama watoto kisa hicho nikidhani nimepata hoja. "Angejipakulia mwenyewe," akasema, akaendelea kujipaka mafuta ya jua.

Siku ya kuondoka wakatuongezea na kodi ya mji, kwa kila mtu, kwa kila usiku aliolala. Hata kukoroma kuna ushuru.

Mama watoto hakusema neno. Alikuwa na simu. Picha alizopiga, wallahi, hazina barabara, hazina jiwe, hazina kijana wa mashine. Ni anga, maji ya buluu na yeye. Kazirusha kwa kina mama wenzake wa upatu, wote Waswahili wa huku huku Uingereza. Kabla hatujafika uwanja wa ndege walikuwa wameshakubaliana mchango wa mwakani. Mimi nimeteuliwa mwenyeji wa msafara, kwa kuwa napafahamu, na mwenye hazina anauliza vile viatu vya mpira vinapatikana hadi namba ngapi.