Kibao cha Ukutani ni cha Anayekutafuta

Mama mmoja wa mtaani kwetu alipandwa na presha usiku, mwanawe akamkimbiza kwa bajaji kwenye zahanati mpya iliyofunguliwa barabara ya pili kutoka kwetu. Wakaipita. Wakageuza, wakaipita tena. Aliyewaonesha ni muuza chipsi. Mama yuko salama, namshukuru Mungu, lakini asubuhi yake nilikwenda mwenyewe kutazama imekuwaje watu wazima, pamoja na dereva anayeujua mtaa, washindwe kuiona zahanati ya ghorofa moja iliyo ukingoni mwa barabara. Damu ilinichemka. Kibao kipo. Akriliki safi, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo, ya milimita 8, kingo zimeng'arishwa, imeshikwa kwa vichwa vya skrubu za stenlesi kwenye pembe zote 4. Juu yake kuna herufi za akriliki ya rangi ya dhahabu inayoakisi kama kioo cha kujitazamia, kwa mwandiko wa kulala kama wa kadi za harusi, jina la Kiingereza tupu, na ukuta ulio nyuma ni rangi ya krimu. Neno zahanati halipo popote. Taa haipo.

Mimi nafanya kazi hii ya mabango hapa Dar, kwa hiyo najua kibao kile kiligharimu pesa za maana. Najua pia kwamba aliyekikata aliikata kazi yake vizuri. Kilichokosekana ni mtu mmoja tu wa kuuliza, tangu siku ya kwanza: huyu anayekuja kututafuta, atakuwa amesimama wapi, saa ngapi, na macho ya namna gani?

Nasema kwa moyo wote: kibao cha biashara au cha nyumba si pambo la mwenye nacho. Mwenye nyumba anajua anapoishi. Mwenye duka anajua anauza nini. Kibao ni cha mgeni, mgonjwa, mteja mpya, mleta mzigo, mtu asiyekujua kabisa na ana haraka. Kisiposomeka kwake, uzuri wake wote hauna kazi, na sielewi kwa nini tumekubali kuishi hivi.

Najua tatizo linapoanzia. Siku hizi mteja anakuja na picha kwenye simu. Ameiona kwenye ofisi ya Dubai au saluni ya Johannesburg, inang'aa, imepigwa taa za studio, naye ameishika sentimita 30 kutoka usoni. Anasema, "Nataka hii hii, iwe na hadhi." Fundi naye anachora kwenye kompyuta, anaituma kwa WhatsApp, mteja anaijibu kwa dole gumba, kazi inakatwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeutoka mlango akavuka barabara. Kibao cha kusomwa kutoka mita 15 kimeamuliwa na watu wawili waliokitazama kiganjani.

Kanuni ya ukubwa wa herufi haihitaji shule. Sisi tulio kwenye kazi hii tunakadiria hivi: kila mita 3 za umbali zinataka herufi yenye kimo cha milimita 25 hivi ili isomeke bila kuhangaika. Anayekutazama yuko mita 6, andika 50. Yuko ng'ambo ya barabara, mita 15, andika 125. Ile zahanati inatazamwa kutoka mita 15, na herufi zake ndefu hazifiki 50. Tena hizo ni hesabu za herufi za kawaida, zilizosimama wima, zenye unene wa kutosha na nafasi katikati. Ukichagua mwandiko wa kulala, wenye mikia inayozungukana, ongeza tena. Au bora uache kabisa.

Halafu kuna hili la akriliki isiyo na rangi, ile inayopitisha mwanga, ambayo kila mtu anaitaka. Unabandika herufi nyeusi juu yake, unaifunga sentimita 2 mbele ya ukuta, na siku ya kuifunga, kivulini, inapendeza mno. Subiri jua la saa nne. Kila herufi inatupa kivuli chake ukutani nyuma ya kibao, kivuli kinakaa pembeni kidogo ya herufi yenyewe, na sasa kila neno limeandikwa mara mbili, moja juu ya jingine. Mzee mwenye mtoto wa jicho hasomi kitu hapo. Hata mimi mwenye miwani najikaza. Dawa yake ni rahisi na wala haiongezi gharama kubwa: mgongo wa kibao upakwe rangi nzito au ubandikwe stika, ukuta usionekane. Au chukua akriliki nyeupe ya maziwa, uweke herufi nyeusi, bluu iliyokoza au nyekundu iliyokoza. Basi.

Akriliki ile ya kioo, ya dhahabu na ya fedha, ni mbaya zaidi kwa nje. Kazi ya kioo ni kurudisha kilicho mbele yake, kwa hiyo herufi zako zitakuwa na rangi ya mbingu, ya gari lililoegeshwa, ya mti wa mwarobaini wa jirani, kila saa rangi nyingine. Na ule mgongo wake wa kioo hauvumilii unyevu. Mvua za masika zikipenyeza kwenye kingo, unaanza kubabuka na kuacha mabaka. Nakubali, kwenye ukuta mweusi wa mapokezi, ndani, chini ya taa nzuri, dhahabu inapendeza na sina ugomvi nayo. Hapo mtu ameshafika.

Mnajua ni maandishi gani yanayosomeka kuliko yote katika mji huu? NYUMBA HII HAIUZWI. Mtu kaogopa matapeli, kachukua kopo la rangi nyekundu na brashi ya inchi 2, kaandika ukutani kwa mkono wake herufi zenye urefu wa dhiraa, na ujumbe unausoma ukiwa ndani ya daladala inayokwenda. Hajasomea ubunifu. Alikuwa na jambo la lazima kumwambia mtu asiyemjua, akaliandika ili lifike. Nawaheshimu sana watu hawa, kama ninavyowaheshimu mafundi wa brashi walioandika DUKA LA DAWA BARIDI kwa rangi ya mafuta kwenye bati jeupe miaka ile. Yale mabati yalishika kutu, ndiyo, na akriliki haishiki kutu. Lakini ungeyasoma kutoka kituoni.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii malighafi yenyewe ina historia ya macho. Akriliki ilianza kuuzwa miaka ya 1930, Wajerumani wakiiita Plexiglas na Waingereza Perspex, na katika Vita vya Pili vya Dunia ikawa ndiyo kioo cha vyumba vya marubani. Ndege zilipopigwa risasi, vipande vyake viliingia kwenye macho ya marubani, na daktari Harold Ridley wa London akagundua kwamba jicho linaivumilia, haliwaki wala kuikataa. Kutokana na hilo, Novemba 1949 alimpandikizia mgonjwa wa mtoto wa jicho lenzi iliyotengenezwa kwa malighafi hiyohiyo. Leo kuna watu wengi duniani wanaoona kwa sababu ya lenzi za ndani ya jicho zilizoanzia hapo. Inapitisha takribani asilimia 92 ya mwanga. Na sisi tunaichukua tunaandikia vitu ambavyo mtu hawezi kuviona.

Tuje nyumbani.

Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti, nchi nzima ilipewa anwani za makazi. Barabara zikapata majina, nyumba zikapata namba, na kila kata ina postikodi yake ya tarakimu 5. Kwa sisi tuliokua tukielekezwa "shuka kituo cha mwembeni, ulizia kwa Mpemba, halafu fuata ukuta wa bluu", hilo lilikuwa jambo kubwa, na bado naamini hivyo. Sasa pita mitaani uangalie mageti. Vibao vya akriliki vimejaa, tena vizuri. Kimoja kimeandikwa "Karibu Nyumbani", kingine jina la ukoo lenye maua pembeni, kingine aya ya Biblia au Mashallah. Namba ya nyumba ama haipo, ama ni ile iliyochorwa kwa rangi wakati wa zoezi, imefutika nusu, au imefunikwa na huohuo mmea uliopandwa ili geti lipendeze.

Ndugu zangu, Zimamoto ukiwapigia 114, hawatauliza jina la ukoo lenye maua. Watauliza uko wapi. Kijana wa bodaboda aliyebeba dawa za baba yako, naye anauliza uko wapi. Kibao cha nyumba kianze na namba, kubwa kuliko vyote, isipungue milimita 75. Chini yake jina la barabara. Nafasi ikibaki, weka karibu yako, weka aya yako, weka maua, ni nyumba yako. Sina neno na anayetaka pambo, nina neno na pambo linalokula nafasi ya anwani.

Na lugha! Ukihudumia Watanzania, andika kwa Kiswahili unachofanya. Farmasi, zahanati, fundi viatu, wakili. Jina la kampuni liwe la Kilatini ukipenda.

Kwa upande wa malighafi, machache, maana naulizwa kila mara. Zipo akriliki za aina mbili sokoni: iliyomiminwa kwenye kalibu na iliyosukumwa na mashine. Kwa kuchonga kwa leza taka ya kumiminwa, kwa sababu pale ilipochongwa inabaki nyeupe kama barafu na maandishi yanaonekana. Ya kusukumwa ukiichonga inabaki angavu, maandishi yanapotea. Yapo pia mashiti ya plastiki nyingine, polistirini, yanayouzwa kwa jina la akriliki. Hizo ni kanyaboya. Zinageuka njano juani na zinakatika kama biskuti. Mwombe fundi kipande kilichobaki, kichome nje penye upepo: akriliki inawaka bila moshi mwingi na harufu yake ina utamu wa matunda, polistirini inatoa moshi mweusi wa masizi.

Unene: milimita 5 inatosha kibao cha nyumba, na kikubwa cha ofisi kiwe 8 au 10. Kibao cha mita 1.2 kwa sentimita 60 chenye unene wa milimita 8 kina karibu kilo 7, kwa hiyo msikubali kikabandikwe kwa gundi ya mkanda juu ya rangi inayotoa vumbi. Kitamwangukia mtoto wa mtu. Kitobolewe, kifungwe. Na matundu yawe mapana kuliko skrubu kwa milimita 2 au 3, sababu akriliki hutanuka. Kipande cha mita 1 kikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka karibu milimita 2, na kikibanwa pande zote hakina pa kwenda isipokuwa kupasuka kwenye tundu. Nyufa nyingi za pembeni ambazo watu wanawalaumu watoto wa mpira zimetoka hapo.

Mlio karibu na bahari, Kigamboni, Unguja, Tanga, Mombasa, ulizeni namba ya daraja la stenlesi ya skrubu zenu. Ile ya kawaida, 304, chumvi ya hewani huitia madoa ya kahawia yanayotiririka ukutani. Taka 316. Na kwa wa Mji Mkongwe, tafadhali, kabla ya kutoboa ukuta wa mawe na chokaa zungumzeni na Mamlaka ya Hifadhi. Mji ule uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na milango yake ilishajua kuandikwa vizuri kabla yetu: kwenye kizingiti cha juu, kwa kuchongwa kwa kina, mahali ambapo macho ya mgeni yanafika kwanza.

Usafi ni maji, sabuni kidogo na kitambaa laini. Spiriti usiiguse, wala dawa ya kusafishia vioo yenye amonia. Wakati wa korona niliona vibao vya mapokezi vilivyofutwa kwa kitakasa mikono kila asubuhi hadi vikajaa nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, na nyufa hizo hazitibiki.

Sasa ombi langu, na naliomba hata kama linanipunguzia mimi mwenyewe wateja wa dhahabu. Kabla kazi haijakatwa, mwambie fundi aichape kwenye karatasi za A4, kwa ukubwa wake halisi, aziunganishe kwa selotepu. Zibandike ukutani pale pale kibao kitakapokaa. Vuka barabara. Mwite mtu mzima asiyejua biashara yako, asimame ulipo, asome kwa sauti. Akikwama, herufi ziongezwe au maneno yapunguzwe, karatasi ni bei ya chini sana kuliko akriliki. Kisha mkubaliane kwamba fedha ya mwisho utaitoa baada ya kukisoma kibao chenyewe kutoka hapohapo mara mbili, jua la saa nane na baada ya magharibi. Fundi anayejiamini hatakataa. Mimi nimeanza kuwaandikia wateja wangu sharti hilo kwenye risiti.