Cheti kiseme mwanafunzi amefanya nini

Makala ninayoijibu hapa inasifu kozi fupi za vyuo vikuu kwa kuwa humwezesha mfanyakazi kujinoa bila kuacha kazi, na hapo sina ubishi. Shaka yangu iko kwenye cheti. Nilimaliza kozi ya wiki sita ya uchambuzi wa takwimu nikakabidhiwa karatasi yenye nembo, jina langu na neno "amehudhuria", basi. Ile kazi ya kusafisha jedwali lililojaa tarehe zilizokosewa, niliyoikeshea siku tatu na ndiyo iliyonifunza, haikutajwa popote. Pendekezo la Baraza la Umoja wa Ulaya la mwaka 2022 kuhusu vyeti vya kozi fupi linataka vionyeshe stadi zilizopatikana, muda wa masomo na namna mwanafunzi alivyopimwa, mambo ambayo mwajiri makini huyauliza kwanza.